Damu ya Upande wa Mama

Maini yalikuwa mezani tena. Yamekaangwa na vitunguu, yamekatwa vipande vyembamba, na yalikuwa yanamngoja Kinda kama yalivyomngoja jana na juzi na kila asubuhi tangu aote meno. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake ya kibarazani, alisimama mlangoni na kitambaa begani akamwona mtoto anavyoyageuzageuza kwa kijiko, na asubuhi yote ikamwingia nyongo.

"Nikila nitatapika," Kinda alisema.

"Utakula," alijibu Bibi kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Wenzako wanayaona kwa wenzao, wewe unaletewa mpaka mdomoni. Unafikiri damu inaongezeka kwa kulala?"

Bibi alikuwa mama mzazi wa mume wa Fundi. Mume mwenyewe alikuwa na bucha hatua chache kutoka nyumbani, na tangu binti yake aanze kuishiwa damu alikuwa hauzi ini la kwanza la siku hata mteja apige magoti. Lilikuwa la Kinda. Alilifunga kwenye karatasi kwa mikono yake na kulileta nyumbani mwenyewe, huku anapiga mluzi. Mtu akimpenda mtoto wake hivyo utamlaumu vipi? Fundi alijaribu kumlaumu mara nyingi na kila mara akashindwa.

Bibi ndiye aliyekuwa mwiba wake. Kinda alikuwa na miaka kumi na minne na macho yake yalikuwa ya manjano. Siku nyingine manjano hafifu, siku nyingine manjano ya kutisha, na shuleni walishamsahau jina, wakawa wanamwita Manjano. Akipanda ngazi alihema. Upande wa kushoto chini ya mbavu tumbo lake lilikuwa gumu na limejaa, hata begi la shule alilibeba bega la kulia tu. Na kila mchana Bibi alikwenda kukaa buchani kwenye stuli ya pembeni, na mteja akiuliza hali ya mtoto, Bibi aliweka mkono shavuni, akashusha pumzi, akasema, "Tufanyeje? Ni damu ya upande wa mama yake."

Alisema hivyo kwa mwalimu, kwa muuza mkaa, kwa watu waliopita kununua utumbo wa kulisha mbwa. Alisema hivyo mbele ya Fundi mwenyewe, kwa sauti ya upole, kama anamsaidia. Maneno hayo yalimkata Fundi maini kuliko kisu chochote cha mumewe, kwa sababu hayakuanza na Kinda. Kabla ya Kinda alikuwapo mtoto wa kiume. Alizaliwa mnene, analia vizuri, na siku ya pili akaanza kuwa wa manjano. Bibi akasema mwanikeni jua la asubuhi, itaondoka. Walimwanika. Haikuondoka. Akaacha kunyonya, akakakamaa, na kabla hajajua kucheka wakamzika. Siku ile ile, watu wakiwa bado uani, Bibi ndipo alipoitoa sentensi yake kwa mara ya kwanza.

Fundi aliimeza. Alikuwa mdogo, alikuwa anavuja maziwa yasiyo na mnywaji, na pengine aliamini. Mtu ukiambiwa jambo ukiwa umelala chini, linaingia mpaka kwenye mifupa.

Basi asubuhi hiyo Kinda alikula vipande vitatu, akameza na kidonge chake cha kuongeza damu, akaenda shule, na akaanguka kwenye ngazi.

* * *

Hospitali ya wilaya iliwapeleka hospitali kubwa, na hospitali kubwa ilikuwa imepata daktari mpya wa magonjwa ya damu, mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na tabia ya kuongea haraka kama anayekimbizwa. Alimwongezea Kinda damu kwanza. Kisha akamlaza chali, akambonyeza taratibu chini ya mbavu za kushoto, na vidole vyake vikasimama karibu na kitovu.

"Hili ni bandama," alisema. "Limekuja mpaka huku. Linatakiwa lijifiche chini ya mbavu, usilisikie kabisa."

Bibi naye alikuwapo. Aling'ang'ania kuja. Hospitali hakuionea haya, akipata mafua tu alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nyumbani walizoea kumtania kwamba homa ikipiga hodi kwa jirani, yeye anatoka mbio na kanga moja. Alikaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake mapajani.

"Mnampa nini nyumbani?" daktari aliuliza.

"Maini," Fundi alisema. "Kila siku. Na vidonge vya madini ya chuma."

"Acheni vidonge leo hii. Na maini muyaache. Chuma anacho tele, kimemjaa."

"Lakini hana damu!"

"Hana damu, ndiyo. Chuma anacho." Daktari alivuta stuli akakaa, akamgeukia Kinda badala ya mama yake, jambo ambalo Fundi alilipenda. "Sikiliza, binti. Chembe nyekundu za damu zinazeeka kama watu. Kila moja inaishi kama miezi minne, inabeba hewa mwili mzima, inachoka, ngozi yake inakakamaa. Sasa lazima mtu aitoe njiani kabla haijapasuka ovyo. Hiyo ndiyo kazi ya bandama. Ini nalo linasaidia, lakini bandama ndilo lenye macho makali. Ndani yake kuna vipenyo vidogo sana, vidogo kuliko chembe yenyewe. Umeshapita kwenye uzio uliobomoka?"

"Wa shule," Kinda alisema. "Tukichelewa."

"Unapitaje?"

"Najikunja."

"Basi chembe changa nayo inajikunja, inapita, inaendelea na safari. Ile ya zamani imekuwa ngumu, inanasa. Ikinasa inamezwa hapo hapo na seli za ulinzi, inavunjwavunjwa. Kile chuma chake hakitupwi, kinarudishwa kwenye uboho wa mifupa kutengeneza chembe mpya. Rangi yake inapelekwa kwenye ini, inageuka nyongo, inatoka na choo. Hivi ninavyoongea na wewe, mwili wako unafanya hivyo mamilioni kwa mamilioni."

"Na wa kwangu una shida gani?"

"Chembe zako zinazaliwa mviringo kama gololi. Zinatakiwa ziwe bapa, ziweze kujikunja. Zako hazijikunji. Zinafika kwenye uzio zikiwa changa kabisa na zinanasa. Bandama linaziona ngumu, linadhani ni za zamani, linazimeza. Linafanya kazi yake vizuri mno, mpaka limevimba. Ndiyo maana huna damu, ndiyo maana ile rangi imezidi ini, imekuja mpaka machoni. Chuma kinarudi kila siku. Wakikuongezea kingine, kinakwenda kukaa kwenye ini na moyo na kukuharibu."

Fundi aliitazama mikono yake. Alikuwa anafikiria makaango. Miaka yote ile, alfajiri, macho yanamwasha kwa vitunguu, analisha mtoto kitu asichokitaka, anamshika kidevu, anamfinya, na wakati mwingine, Mungu amsamehe, anampiga. Bure. Kwa hasara. Alitamani apate mtu wa kumzaba kibao na hakujua amzabe nani.

"Kwa hiyo sili tena maini?" Kinda aliuliza.

"Labda siku ukiyatamani."

"Sitayatamani," Kinda alisema, na akacheka mpaka akashika ubavu.

Daktari hakucheka. Alisema bandama limekuwa kubwa mno, mtoto akigongwa na mpira au akianguka vibaya linaweza kupasuka, na bandama likipasuka mtu anavujia damu ndani kwa ndani na hafiki hospitali. Tena damu sasa ilikuwa inashuka kila baada ya wiki chache. Alitaka kulitoa. Kwanza chanjo, kwa sababu bandama pia linalinda mtu na baadhi ya vijidudu, kisha upasuaji. Chembe zingebaki mviringo, lakini pasingekuwa na uzio wa kuzinasa, na zingeishi.

"Mtu anaishi bila bandama?" Kinda alikuwa ameacha kucheka.

"Anaishi."

"Umemwona nani?"

"Wengi. Nimewahudumia kadhaa."

"Umemwona nani akazeeka?"

Daktari alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Alikuwa kijana, hata waliozeeka kidogo alikuwa hajapata muda wa kuwaona. "Wapo," alisema. "Vitabu vinasema wapo."

"Vitabu," Kinda alisema, kwa ile sauti yake ya kudharau, na akageukia ukutani. Kila mtu aliona kwamba mtoto anaogopa. Bibi alikuwa anatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa tangi la maji.

Kisha Bibi akasema, bila kugeuka, "Katika ukoo wetu hajapata kupasuliwa mtu."

* * *

Mume wa Fundi aliukataa upasuaji. Alikataa akiwa na shoka la mifupa mkononi, nyuma ya meza ya bucha, na Fundi alimsikiliza akiwa bado na vumbi la safari miguuni.

"Mimi nakata nyama kila siku ya Mungu," alisema. "Najua kisu kinafanya nini. Kikishaingia hakiulizi."

"Kwa hiyo tumwache apasuke?"

"Nani kasema apasuke? Tutamwongezea damu. Mama anasema kuna dawa za majani."

"Mama anasema! Bandama likipasuka Mama atalishona?"

"Bandama, bandama." Alinyoosha mkono kwenye ndoo ya mabaki, akatoa kipande cha rangi ya zambarau, kirefu kama ulimi, akakitupa mezani. "Hili hapa bandama. Nawapa paka. Hiki ndicho kinachonitishia mtoto?"

Bibi, kwenye stuli yake, aliweka mkono shavuni. Wateja wawili walikuwa wanangoja, mmoja na kikapu. "Mwanangu mwache mkeo, ana uchungu," alisema. "Kosa si lake. Ni damu ya upande wa mama yake, na damu haichaguliwi."

Hapo ndipo Fundi alipolipuka. Wale waliokuwapo walisimulia kwa wiki nzima, na kila msimulizi alitia chumvi yake, lakini chumvi haikuhitajika.

"Rudia!" alisema. "Rudia, Mama, nikusikie vizuri, maana leo masikio yangu yako wazi! Nimelala na maneno yako, nimeamka nayo, nimezaa nayo. Nimemzika mwanangu na maneno yako juu ya kaburi. Leo sitaki tena. Daktari amesema ugonjwa huu unarithiwa, na anaweza kuuona kwenye damu ya mzazi. Kesho nakwenda kutoa damu. Na mwanao atatoa. Tuone ni upande wa nani!"

Mwenye bucha alilaza shoka mezani polepole. Mtu huyu, aliyeweza kuvunja paja la ng'ombe huku anaongea na simu, alikuwa anaogopa sindano. Alikuwa anaiogopa tangu utotoni, mtaa mzima ulijua, na sasa jasho lilianza kumtoka juu ya midomo. "Mimi sina haja ya kupimwa," alisema. "Mimi mzima."

"Usimdhalilishe mume wako mbele za watu," alisema Bibi. Alikuwa amesimama na macho yake meupe yaking'aa. Yalikuwa meupe kweli, macho ya Bibi, kama ya mtoto, na alijivunia. "Damu yake si ilitoka kwangu? Basi nichukueni mimi. Wakaitazame kwa hadubini, kwa tochi, kwa chochote wanachokitaka. Mimi sijawahi kuishiwa damu hata nikiwa na mimba. Tukirudi huko, wewe na mimi, tutakuja kusimama hapa hapa, na utaniomba radhi mbele ya kila mtu."

"Twende," Fundi alisema.

* * *

Majibu walikwenda kuyasikiliza wote watatu. Mwenye bucha alivaa shati la kutokea, kwa sababu alikuja kushinda. Kinda alikuwa wodini, ghorofa ya juu, anamaliza chanjo zake, kwa kuwa daktari hakungoja ruhusa ya mtu katika hilo.

Daktari alisema damu ya Fundi haina tatizo lolote. Chembe bapa, nzuri, zinajikunja zinavyotakiwa. Alisema hivyo haraka haraka akaendelea, hakujua amesema nini. Fundi alishika ukingo wa meza. Alikuwa amejiandaa kugombana na hakujiandaa kwa hili, kusikia tu, hivi hivi, kwamba hakuwahi kuwa na kosa. Machozi yalimjaa, naye akayachukia, kwa sababu alitaka kuona vizuri.

"Sasa wewe, Bibi," daktari alisema, akitabasamu, "ungeniambia mapema ungenipunguzia kazi. Ulifanyiwa upasuaji ukiwa na umri gani?"

Bibi aliufungua mkoba wake, akaufunga.

"Upasuaji upi?" aliuliza mwanawe.

Tabasamu la daktari lilianza kuyeyuka, lakini alikuwa ameshazoea kumalizia anachokieleza. "Chembe zake nyingi ni mviringo, kama za mjukuu. Na ndani ya chembe kuna vitone. Unajua, chembe ikitoka kwenye uboho huwa na mabaki kidogo ndani, na ikipita kwenye bandama mabaki hayo yanaminywa, yanatolewa, inatoka safi. Mimi na wewe hatuna vitone. Damu ya Bibi imejaa. Miaka na miaka hakuna aliyezisafisha." Alimtazama Bibi, kisha mwanawe, kisha akaelewa. "Nilidhani mnajua. Samahani sana. Bibi hana bandama."

Kulikuwa na feni juu yao na bawa lake moja lilikuwa linagonga kitu. Fundi aliisikiliza. Alikuwa anakumbuka kipimo. Miaka yote aliyomshonea mama mkwe wake, alikuwa hajawahi kumzungushia tepu kiunoni. Bibi alileta gauni la zamani kila mara, akasema pimia hili. Fundi alidhani ni dharau, kwamba mikono yake haistahili. Na zile mbio za kwenda hospitali kwa kila homa, ambazo nyumba nzima ilikuwa inazicheka!

"Mama," mwenye bucha alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Nilikuwa kama Kinda," Bibi alisema, akiuambia mkoba wake. "Umri wake. Wamishonari walikuwa na daktari. Baba yangu akasema tukitangaza hataolewa. Nikaambiwa niseme niliangukia mti uliochongoka. Baba yako amekufa anajua niliangukia mti."

"Na macho yako yakawa meupe," Fundi alisema.

"Yakawa meupe."

"Ukapona."

"Nikapona. Nikadhani na damu imepona, hata wakiipima hawataona kitu."

"Ukakaa kwenye kiti pale, mwanangu anauliza nani amezeeka bila bandama, ukatazama tangi la maji."

Bibi aliuvuta mkoba karibu na tumbo. Anayetaka kumtetea amtetee, atapata sababu. Alikuwa msichana, walimtisha, uongo wa miaka mingi unakuwa kama nguo, mtu anaogopa kuuvua hadharani. Zote ni sababu. Fundi alikuwa hazitaki hata moja, na mimi ninayesimulia namuunga mkono.

"Mtoto wangu wa kwanza," Fundi alisema. Alisimama, kwa sababu jambo hili halikuweza kusemwa ukiwa umekaa. "Siku ya pili, alipobadilika. Ulimpakata, ukamfungua macho kwa kidole. Nilikuona. Ulijua?"

"Usiulize hivyo," mumewe alisema.

"Wewe nyamaza! Ulijua, Mama?"

"Wadogo zangu wawili walikwenda hivyo hivyo," Bibi alisema kwa sauti ndogo sana. "Nilijua."

"Ukasema tumwanike jua."

"Mwingine jua humsaidia."

"Ukasema tumwanike jua! Hospitali ilikuwa wapi? Wewe unayekimbilia hospitali kwa mafua! Mtoto anakakamaa mikononi mwangu, wewe unajua, na unachofikiria ni kovu lako! Halafu unakwenda kukaa kwenye stuli unawaambia watu ni damu yangu! Miaka yote hii nimeogopa damu yangu mwenyewe. Nilikuwa nikijikata na mkasi naitazama, naiona chafu!" Alipiga meza na viganja vyote viwili, na kalamu za daktari zikaruka. "Na juzi ungemwua na huyu! Ungemwua Kinda kwa maneno yale yale!"

Mwenye bucha alikuwa amejishika kichwa. Alipokiinua, alimtazama daktari, na daktari naye akamtazama yeye, akamtazama kwa karibu zaidi, kwenye weupe wa macho ambao haukuwa mweupe sana, na ambao watu walizoea kusema ni wa moshi na ukali wa tabia.

"Na mimi?" aliuliza.

"Na wewe," daktari alisema. "Kidogo. Wengine huupata kidogo tu, wanaishi hawajui."

Mwenye bucha alikunja mkono wa shati la kutokea, akaulaza mezani, akafumba macho. "Nipimeni," alisema. "Na nileteeni hiyo karatasi ya upasuaji niisaini kwa mkono mwingine."

Fundi alimwona alivyoyabana macho na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamhurumia mtu. Haikupunguza hasira zake hata chembe.

* * *

Asubuhi ya upasuaji Kinda alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni la kijani la hospitali lililomvaa badala ya yeye kulivaa, na alikuwa hataki kwenda. Alishika vyuma vya kitanda. Nesi aliongea vizuri, baba yake aliongea vizuri, daktari alikuja na viatu vyake vya raba akaongea haraka. Kinda alitikisa kichwa tu. "Hamjamwona mtu," alisema. "Mnasema tu wapo."

Bibi alikuwa koridoni, kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia aje na hakuna aliyemsemesha. Tangu siku ya majibu alikuwa anakula peke yake, na ile stuli ya buchani mwanawe alikuwa ameiondoa bila kusema neno. Fundi alitoka akamsimamia.

"Inuka."

Bibi akainuka.

"Ingia mle ndani ukamwonyeshe."

"Mbele za watu?" Bibi alitazama kupitia mlangoni. Kulikuwa na vitanda sita, wagonjwa, ndugu zao, nesi, na kijana anayepiga deki.

"Mimi ulinisema mbele za watu."

Bibi aliingia. Alikwenda mpaka kwenye kitanda cha mjukuu wake, akaweka mkoba sakafuni, na vidole vyake vikahangaika na vifungo vya blauzi ambayo Fundi ndiye aliyeishona. Aliipandisha. Kovu lilikuwa refu na pana, la mishono mikubwa ya kizamani, linashuka chini ya mbavu za kushoto kwenye ngozi iliyolegea. Kijana wa deki aliegemeza fimbo yake ukutani. Fundi, kwa kazi yake, hakuweza kujizuia kuona kwamba mshono ulikwenda upande.

Kinda alinyoosha kidole akaligusa.

"Bandama?"

"Bandama."

"Ulikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kama wewe hivi. Mwembamba kuliko wewe."

"Ukazeeka?"

"Nimezeeka, mjukuu wangu," Bibi alisema. "Nimezeeka mpaka nikawa mtu mbaya."

Kinda alifikiria hilo. Kisha akaachia vyuma, kimoja kimoja. "Shusha blauzi, Bibi, wanakuangalia," alisema, na akamwambia nesi, "Twende."

Milango ya chumba cha upasuaji ilifungwa. Mwenye bucha alikwenda kusimama kwenye dirisha la mwisho wa korido, akaegemeza paji la uso kwenye kioo, asionekane. Fundi alikaa kwenye benchi. Baada ya muda Bibi akaja akakaa mwisho wa benchi lile lile, akiwa amefunga vifungo visivyo sawa, kimoja kimeruka.

"Mwanangu," alisema. Hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja. "Naomba unisamehe."

"Sikusamehi."

"Basi niende. Uso wangu unakuudhi."

Aliokota mkoba wake, akaanza kuinuka. Fundi alimshika mkono, akamshika kwa nguvu, kwa vidole vya mtu anayekata suruali za kitambaa kizito siku nzima, akamrudisha chini.

"Sikiliza nikuambie," alisema, bila kuuachia mkono wake. "Nina mtoto mmoja kaburini ambaye utakwenda kumjibu wewe mwenyewe. Usiniombe samahani leo, wala kesho, nitakapotaka nitakutafuta. Lakini mle ndani wanamtolea mwanangu kitu ambacho hajamwona mwingine duniani akaishi bila hicho ila wewe. Akifumbua macho atakutafuta wewe. Kwa hiyo utakaa hapa. Utakaa leo, na utakaa mwakani, na homa yake ya kwanza utaamka wewe kabla yangu umkimbize hospitali kama unavyojikimbiza mwenyewe. Na ole wako, Mama, ole wako ufe kabla hajazeeka."